Jicho Lisilouma: Kazi ya Daktari wa Retina

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, walimu, na nyinyi vijana mliokaa safu za nyuma na sare zenu za shule, nashukuru kuwaona. Wenyeji wetu wametuchagulia wakati mzuri, baada ya alasiri, jua limepoa na upepo wa kusi unapita madirishani.

Nimeombwa nieleze mambo mawili. La kwanza, kijana wa Mombasa akitaka kuwa daktari wa retina apite njia gani. La pili, daktari huyo akishahitimu anashinda akifanya nini. Nitayaeleza yote mawili, lakini kuna jambo lililonifanya niukubali mwaliko huu upesi, na naomba nianze nalo. Retina haiumi. Inaweza kuchanika, kuvuja damu, kuungua, hata kubanduka mahali pake, na mwenyewe yuko Kongowea anapima viazi, hana habari. Haina mishipa ya kuhisi maumivu. Urefu wa masomo yetu, namna tunavyofanya kazi, na sababu ya wagonjwa wengi kutufikia wamechelewa, vyote vinatoka hapo.

Retina yenyewe ni utando ulio nyuma kabisa ndani ya jicho. Unene wake haufiki nusu milimita, na ndani yake mna seli zaidi ya milioni 100 za kupokea mwanga. Mwanga unaingia kwa mboni, unapita lenzi, unapita ute mzito uliojaza jicho, kisha unatua kwenye retina. Hapo unageuzwa kuwa umeme na kupelekwa ubongoni. Katikati ya retina pana sehemu ndogo, upana wake kama milimita 5, tunayoiita kiini. Kiini ndicho kinachokuwezesha kusoma msahafu, kutunga uzi kwenye sindano, kumtambua mjukuu kwa uso. Sehemu iliyobaki ndiyo inayokuonyesha pikipiki inayokuja ubavuni unapovuka barabara pale Mwembe Tayari.

Watu wetu wamezoea kuamini kwamba kila asiyeona ana mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ugonjwa wa mbele, wa lenzi. Mara nyingi hata mtu akingoja mwaka, akifanyiwa upasuaji ataona. Retina haikupi muda huo. Seli zake zikifa hazioti tena, na hakuna duka linalouza nyingine.

Kuna mama mmoja wa Kisauni aliyenipa ruhusa nimzungumzie bila kumtaja jina. Huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Alikuja kliniki akaketi, akavuta leso yake vizuri, akaniambia, "Mwanangu, moshi wa kuni umenila jicho. Nipe dawa ya kuosha." Nikamuuliza, "Mamangu, moshi huo umeanza kuuona lini?" Akasema siku moja alikuwa akifuta jasho, leso ikafunika jicho la kulia, na lile la kushoto halikuona chochote ila wekundu mzito. Hajui limekuwa hivyo kwa muda gani, kwa sababu jicho la kulia lilikuwa linafanya kazi ya mawili.

Nikamtilia dawa ya kupanua mboni, nikangoja, nikaangalia. Jicho la kushoto lilijaa damu. Lakini kilichonishtua ni jicho la kulia, lile alilosema ni zima. Mishipa mipya ya damu ilikuwa imeota mahali isipotakiwa, miembamba, imejisokota. Sukari alikuwa nayo miaka mingi, na vidonge alivimeza siku akijisikia vibaya tu. Nilipomweleza, aliniangalia kwa mashaka, akasema, "Lakini daktari, haliumi."

Siku ile ile tulilipiga leza jicho la kulia. Binti yake alikasirika, akataka kujua kwa nini tunashughulika na jicho linaloona na kuliacha lisiloona. Nilimwambia lile la kushoto limeshavuja, tutaliandalia upasuaji. Hili la kulia ndilo bado tunaweza kulizuia lisifike huko. Mpaka leo mama anauza mahamri, na chenji anahesabu mwenyewe.

Nieleze sukari inavyofika machoni, maana ndiyo inayojaza kliniki yangu. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu kuta za mishipa midogo ya damu. Mingine huanza kuvuja, mingine huziba. Retina iliyokosa damu hukosa oksijeni, nayo hutoa kemikali ya kuita mishipa mipya. Mishipa hiyo huja, lakini ni dhaifu, inapasuka kwa kitu kidogo, na inakuja na makovu yanayovuta retina mpaka ibanduke. Takriban mtu 1 kati ya 3 wenye kisukari ana dalili za ugonjwa huu machoni, na wengi wao wanaona vizuri kabisa siku tunapougundua. Ndiyo maana tunataka mwenye kisukari cha ukubwani achunguzwe nyuma ya jicho siku ile ile anapoambiwa ana sukari, kisha kila mwaka, hata kama anasoma maandishi madogo bila miwani. Mama mjamzito aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba achunguzwe mapema, katika miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu mimba inaweza kuuharakisha ugonjwa.

Leza tunayotumia inachoma vidoa vidogo, mara nyingi zaidi ya 1,000 kwa jicho moja, kwenye sehemu za pembeni za retina. Tunaitoa mhanga sehemu ya pembeni ili oksijeni iliyopo itoshe kiini. Mwaka 1976 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba tiba hiyo inapunguza upofu mkubwa kwa nusu au zaidi, na hadi leo bado tunaitegemea. Kisha kuna sindano. Dawa ya bevacizumab ilitengenezwa kwa saratani ya utumbo, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2004, na mwaka uliofuata madaktari wa macho wakaanza kuitumia kidogo kidogo ndani ya jicho, kwa sababu inazuia ile kemikali inayoita mishipa. Chupa moja hugawanywa ikatosha wagonjwa wengi, na bei yake ikashuka mpaka mtu wa kawaida akaweza kuifikia.

Najua nikisema sindano ndani ya jicho wengine mnafumba macho hapo mlipo. Basi niwaambie inavyokuwa. Jicho hutiwa ganzi ya matone, likaoshwa kwa iodini, kope zikashikwa zisifumbe. Unaambiwa utazame pembeni. Sindano ni nyembamba sana, inapita kwenye sehemu nyeupe, milimita 3 na nusu hadi 4 kutoka ukingo wa sehemu nyeusi, na kazi yote ni sekunde chache. Wagonjwa wangu wengi husema kilichowawasha zaidi ni ile iodini. Ninachohofia mimi ni baadaye. Sindano hizi mwanzoni hupigwa kila mwezi, na mtu akipigwa ya pili akaona vizuri, haonekani tena. Haoni sababu ya kurudi, kwa kuwa haliumi. Anarudi baada ya mwaka, ameshikwa mkono.

Sasa nawageukia vijana.

Ukitoka kidato cha nne na alama nzuri, usidhani ni biolojia peke yake inayokufikisha huku. Fizikia msiidharau. Lenzi, mwanga, leza, gesi na shinikizo lake, hivyo ndivyo ninavyovishika kila siku. Shahada ya udaktari kwa kawaida ni miaka 6. Baada yake kuna mwaka mzima wa kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi, kisha baraza la madaktari ndilo linalokupa leseni. Mwaka huo unazalisha, unashona majeraha ya boda boda, unatibu malaria ya watoto usiku wa manane. Wako wanaotaka uishe haraka. Mimi nawaambia wauthamini. Mgonjwa wa retina ana sukari, ana presha, mara nyingi ana figo zilizoanza kuchoka. Daktari aliyeusahau mwili mzima hawezi kulitibu jicho lake.

Wengi hufanya kazi miaka kadhaa kama madaktari wa kawaida, ndipo wanapata nafasi ya kusomea macho. Hiyo ni shahada ya uzamili, miaka mitatu hadi minne, na Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha wengi wetu. Kuna pia chuo cha madaktari wa macho cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COECSA, kinachotahini wanafunzi wa nchi zetu kwa kipimo kimoja. Ukimaliza hapo wewe ni daktari wa macho kamili: unatoa mtoto wa jicho, unatibu presha ya jicho. Retina inahitaji mwaka mmoja au miwili zaidi ya kubobea, na wengi huifuata nje, India au Afrika Kusini. Hesabuni wenyewe. Kutoka kidato cha nne, haipungui miaka 12 kwa wengi, na wengine hufika 15.

Mimi nilikwenda kusini mwa India. Upande ule, mjini Madurai, ndiko iliko hospitali ya Aravind, ambayo kila daktari wa macho wa nchi maskini anapaswa kuijua historia yake. Aliyeianzisha, Govindappa Venkataswamy, alipata ugonjwa wa viungo akiwa kijana, vidole vikapinda na kukakamaa. Alijifundisha upya kushika kisu, akatoa mtoto wa jicho kwa maelfu ya watu kwa vidole hivyo hivyo. Alipostaafu kazi ya serikali mwaka 1976 alifungua hospitali ya vitanda 11 kwenye nyumba. Leo ni miongoni mwa hospitali za macho zinazofanya upasuaji mwingi zaidi duniani, na wagonjwa wengi hawalipi au hulipa kidogo sana. Kwa hiyo kijana asije akaniambia mikono yake haifai kabla hajaijaribu.

Mtu akisikia masomo ya upasuaji hufikiri ni kukata. Kwa muda mrefu mwanzoni hatukati chochote. Tunajifunza kuangalia. Unavaa taa kichwani, unashika lenzi mkononi mbele ya jicho la mgonjwa, na retina unaiona imegeuka: ya juu iko chini, ya kushoto iko kulia. Kila unachokiona unakichora kwa penseli za rangi, na rangi zina kanuni. Retina iliyokaa mahali pake ni nyekundu, iliyobanduka ni buluu. Tundu ni jekundu lililozungushiwa buluu. Damu iliyo kwenye ute huchorwa kwa kijani. Mwalimu wangu alikuwa akiuchukua mchoro, anaenda kumwangalia mgonjwa mwenyewe, kisha anarudi na kuweka alama pale nilipopita bila kuona. Hakusema neno. Anaurudisha, na wewe unarudi kwa mgonjwa. Leo mashine zinapiga picha ya retina nzima kwa sekunde moja, na nazitumia, lakini bado nawachorisha wanafunzi wangu. Mkono ukichora, jicho hulazimika kutafuta.

Kifaa hicho cha kichwani kina hadithi. Kiliundwa miaka ya 1940 na Charles Schepens, daktari wa Ubelgiji. Wakati wa vita kuu ya pili alijificha kwa jina jingine kwenye kijiji cha milimani mpakani mwa Ufaransa na Hispania, akaendesha kiwanda cha mbao, na kupitia kiwanda hicho akawavusha watu waliokuwa wakiwakimbia Wajerumani. Vita vilipokwisha alikwenda Marekani, mjini Boston, akafundisha kizazi kizima cha madaktari wa retina.

Kabla yake kulikuwa na Mswisi, Jules Gonin wa Lausanne. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, mtu aliyebandukwa na retina aliambiwa alale kitandani kwa wiki na miezi, kisha awe kipofu. Gonin akasema chanzo ni tundu kwenye retina, na tundu likizibwa retina itarudi. Wenzake walimpinga miaka mingi. Aliendelea kutafuta tundu kwa kila mgonjwa, kulipima mahali lilipo, kulichoma, na katika miaka ya 1920 matokeo yakawanyamazisha. Halafu mwaka 1970, mjini Miami, Robert Machemer akafanikiwa kuingia ndani ya jicho na kutoa ute wake kwa kifaa alichokuwa amekijaribu kwanza kwenye ute wa yai. Upasuaji ninaoufanya mimi hapa Mombasa umetokana na hao wawili.

Mazoezi yetu ya mikono yalianza na macho ya mbuzi kutoka machinjioni. Baadaye leza, baadaye sindano, baadaye kumsaidia mwalimu, baadaye kufungua na kufunga tu, na mwishoni kabisa kugusa retina ya mtu. Anayeharakisha ngazi hizo simruhusu aniguse hata mimi.

Ngoja niwaingize thieta, maana hapo ndipo ninapopapenda zaidi.

Asubuhi ya upasuaji sinywi kahawa tungu. Nakunywa maji, nakaa kimya kidogo, nasoma tena faili zote. Mgonjwa analala chali, nami nakaa upande wa kichwa chake. Ganzi hupigwa kando ya jicho, kwa hiyo mara nyingi yuko macho, anasikia, na tunazungumza. Natoboa matundu matatu kwenye sehemu nyeupe, milimita 4 kutoka ukingo wa sehemu nyeusi. Kila moja ni kama nusu milimita, na mara nyingi halishonwi. La kwanza linaingiza maji ili jicho lisinywee. La pili linaingiza taa. La tatu ni la kikataji, kimrija chenye makali ndani, kinachokata ute maelfu ya mara kwa dakika huku kikiunyonya. Mguu wa kulia unaendesha kikataji, wa kushoto unaendesha darubini, na mikono miwili iko ndani ya jicho.

Kuna kazi moja ya kubandua utando juu ya kiini, pale kiini kinapotoboka katikati. Unene wa utando huo ni mikroni 2 au 3, yaani sehemu 2 au 3 za elfu za milimita. Kwa macho hauonekani hata kwenye darubini. Tunautia rangi ya buluu, tunaiacha kidogo, tunaiosha, na palipobaki buluu ndipo ulipo. Nashuka na kibano, nagusa bila kushika, nashika, nainua ncha. Kisha nauvuta kwa mviringo kuzunguka kiini, polepole, nikiulaza sambamba na retina. Ukiuvuta kwenda juu utachana kilicho chini yake. Unajikunja ukitoka, na nyuma yake retina inabaki nyeupe kidogo, ndipo unajua umepita wapi. Wakati huo chumba kizima kinanyamaza. Muuguzi hasogezi hata trei. Hiyo ni dakika chache tu, na miaka yote ya kuchora kwa penseli ilikuwa ikiniandaa kwa ajili yake.

Retina iliyobanduka ina kazi nyingine. Mmewahi kuona nyumba za Mji wa Kale ambazo unyevu umeingia ukutani, rangi ikafura na kuachana na jiwe? Ndivyo inavyokuwa. Tundu dogo linatokea, maji ya ndani ya jicho yanapenya nyuma ya retina, nayo inaachana na ukuta unaoilisha. Tunatoa ute unaoivuta, tunayakausha maji, tunachoma leza kuzunguka tundu, kisha tunajaza jicho gesi ili ishikilie retina mahali pake mpaka kovu la leza lishike. Kwa upasuaji wa kwanza retina hurudi kwa wagonjwa wengi, kati ya 8 na 9 katika 10. Lakini kurudi kwa retina na kurudi kwa kuona ni mambo mawili. Kama kiini hakijabanduka, tunaokoa karibu kila kitu. Kikishabanduka, kila siku inayopita inapunguza. Kwa hiyo mgonjwa ambaye kiini chake bado kimeshika namtanguliza, na nitaomba wengine waniwie radhi wangoje.

Gesi hiyo ina masharti, na sisi watu wa pwani yanatuhusu kuliko wengi. Gesi hutanuka shinikizo la hewa likipungua. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko kama mita 1,700 juu. Mtu mwenye gesi jichoni akipanda treni ya asubuhi kwenda Nairobi, akifika kule gesi yake imetanuka kwa karibu sehemu moja ya tano. Jicho halina pa kuiweka. Presha inapanda, mshipa wa kuona unabanwa, na anaweza kulipoteza jicho lililokuwa limeshapona. Ndege ni vivyo hivyo. Gesi ya muda mfupi hukaa kama wiki 2, ya muda mrefu wiki 6 hadi 8, na kwa muda wote huo namfunga mgonjwa utepe mkononi. Asiuvue hata kuogea. Akipata ajali akapelekwa thieta nyingine, utepe ule unamwambia daktari wa usingizi asimpe gesi ya naitrasi, kwa kuwa nayo huingia jichoni na kuitanua. Mwenye mazishi Taita ama arusi Nairobi aniambie kabla ya upasuaji, si baada. Tunaweza kumwekea mafuta ya silikoni, ambayo hayatanuki, ila hayo lazima tuyatoe baada ya miezi kadhaa na ni lazima arudi.

Halafu kuna kulala kifudifudi. Gesi huelea juu, kwa hiyo uso ukielekea chini gesi inakandamiza kiini nyuma. Huenda ikawa siku kadhaa, na mgongo unauma sana. Wanaouguza wagonjwa hawa nawaheshimu. Nimeona mke akimlisha mumewe uji kwa mrija, yeye amekaa sakafuni ili waonane. Wengi huniuliza habari ya sala. Nawaambia siku za mwanzo wasali wameketi, na mashehe wetu wamewarahisishia hivyo hivyo.

Mafundi wa Changamwe na Jomvu, nisikilizeni. Ukigonga patasi kwa nyundo, kipande cha chuma kinaweza kuruka na kuingia jichoni kwa kasi ambayo hutahisi zaidi ya mchomo mdogo. Unasugua, unaendelea na kazi. Chuma kikibaki ndani hutoa kutu, na kutu inaiua retina taratibu kwa miezi. Vijana wa gereji wanaoletwa kwangu wana miaka 19, 22. Miwani ya kinga bei yake haifiki nauli ya kwenda Nairobi na kurudi. Mwajiri asiyewanunulia anawadhulumu, na nalisema hilo hadharani.

Watoto pia. Aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, akawekewa oksijeni, retina yake bado haijakomaa, na mishipa inaweza kuota vibaya. Uchunguzi wa kwanza hufanywa karibu wiki 4 baada ya kuzaliwa, na nafasi ya kumtibu ni ya siku chache. Mama, usitoke hospitali bila kuuliza lini mtoto ataangaliwa macho. Na mkipiga picha kwa simu, mtoto jicho moja linang'aa jekundu na jingine jeupe, mleteni wiki hiyo hiyo. Inaweza kuwa saratani ya retina, na ikiwahiwa mtoto anapona.

Kuna tarehe moja naomba walimu waiandike. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Makka litafunikwa lote. Huku kwetu litafunikwa sehemu tu, na hilo ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa watoto watalitazama. Mwaka 1945, huko Ujerumani, watu walitazama kupatwa kwa jua wakaungua kiini cha retina, na daktari kijana, Gerd Meyer-Schwickerath, aliyeona makovu yao ndiye aliyepata wazo la kutibu retina kwa mwanga. Wao hawakuhisi chochote walipokuwa wakiungua. Miwani ya jua ya kawaida haitoshi, na beseni la maji halisaidii. Watafutieni watoto miwani maalumu ya kupatwa kwa jua, ama waangalie kivuli kinachopita kwenye tundu la karatasi.

Na vijana ambao hesabu ya miaka 12 imewatisha: retina haimhitaji daktari peke yake. Namhitaji muuguzi wa thieta anayejua kibano kipi kinafuata kabla sijasema. Namhitaji klinikal ofisa wa macho anayemgundua mgonjwa Vanga au Kinango na kumleta mapema. Namhitaji mpiga picha wa retina. Zaidi ya wote namhitaji fundi wa mitambo ya hospitali, maana mashine ya kukata ute ikizima katikati ya wiki, na fundi wake anakaa nchi nyingine, wagonjwa wangu wanangoja na retina zao hazingoji. Kijana wa Mombasa akiisomea kazi hiyo hatakosa ajira.

Sasa kila mtu afunike jicho moja kwa kiganja, bila kulibonyeza. Tazameni grili za dirisha lile. Vyuma vimenyooka? Kuna kipande kimekosekana, au kimepinda? Badilisheni jicho. Fanyeni hivi nyumbani kila wiki, kila mmoja na dirisha lake. Aliyeona tofauti kati ya jicho na jicho anione leo. Na wakati wowote ukianza ghafla kuona nukta na nyuzi nyeusi zinazoelea, au miale inayomulika pembeni ukiwa gizani, njoo siku hiyo hiyo. Takriban mtu 1 kati ya 7 wanaopata dalili hizo ghafla ana tundu kwenye retina, na kama retina haijabanduka, tundu hilo tunaliziba kwa leza, unarudi nyumbani jioni. Ukiona pazia jeusi linapanda au kushuka, usingoje Jumatatu.

Wenzangu wako mlango wa kulia na dawa ya kupanua mboni. Wenye sukari watangulie, na waliokuja na vitabu vyao vya kliniki wavitoe. Mwenye presha ya jicho, au aliyewahi kudhurika na matone, aseme kabla ya kutiwa. Dawa hudumu saa 4 hadi 6. Kusoma kutakuwa kugumu na mwanga utakuumiza, kwa hiyo usiendeshe gari wala pikipiki, na anayevuka feri Likoni awe na mtu wa kumshika mkono. Maswali nitayajibu hapa hapa, foleni ikisonga.